Kiongozi wa chama chako akidharau wanawake, umpeleke wapi? Kamati ya nidhamu, jopo, polisi ama umwanike mtandaoni

Hii swali nimeulizwa mara nyingi sana na wadada wa hapa Nakuru wanaojipanga kutafuta tiketi ya MCA (mjumbe wa bunge la kaunti) 2027, na wengine wawili wa Kisumu ambao tunajuana kwa mambo ya chama. Haijawahi kuwa "nifanye nini nikitusiwa na wa chama kile kingine", hiyo kila mtu anajua, unarekodi, unapost, watu wenu wanakuja mbio kukutetea. Swali ni akikutusi wa kwenu, yule unavaa tisheti yake, yule umempigia debe Kaptembwo nyumba kwa nyumba jua likiwaka.

Nianze na yangu ndio ujue ninaongea nikiwa wapi. Tulikuwa na mkutano wa tawi kwa ukumbi mmoja upande wa Section 58, nikainua mkono kuuliza pesa za ligi ya wanawake ya chama zilienda wapi. Mheshimiwa hakunijibu. Alinitazama akasema, "Mama, chai imepoa huko nyuma, hebu angalia, hii ya pesa wacha wanaume tumalizane nayo." Ukumbi mzima ukacheka, na wanawake wenzangu wakacheka, na mimi nikakaa chini. Kile kiliniuma hata kuliko hayo maneno ni kwamba wiki moja kabla ya hapo, grupu yetu ya WhatsApp ilikuwa imejaa hasira juu ya mwanasiasa wa upande ule mwingine aliyemtusi mama mmoja kwa mkutano, na mimi ndiye niliandika ujumbe mrefu kuliko wote. Sasa ilikuwa zamu yetu na hakuna aliyeandika hata mstari.

Tangu siku hiyo nimesoma sheria, nimeongea na watu waliopita njia tofauti tofauti, na nimeona kila njia ina kazi yake. Shida ni tunazichanganya, mtu anapeleka matusi kwa jopo la mizozo ya vyama na anapeleka kushikwashikwa kwa kamati ya nidhamu, ilhali matusi ni ya kamati na kushikwashikwa ni ya polisi. Kwa hivyo nazilinganisha hapa vile nimeziona.

Kuna ile ya kunyamaza kwanza, kwa sababu ndiyo wengi wanachagua. Utaambiwa ya nyumbani yabaki nyumbani, adui atafurahi, ngoja uchaguzi uishe. Sitaki kumhukumu anayenyamaza, hasa MCA wa kuteuliwa. Hawa ndio wanawake wengi ambao tuko nao kwa mabunge ya kaunti kwa sababu Katiba kifungu cha 177 inasema viti maalum viongezwe mpaka jinsia moja isizidi theluthi mbili, lakini kiti chake kimefungwa kwa chama, akifukuzwa chamani kiti kinaweza kwenda naye. Anasikia akiitwa majina kila siku, ati alipewa kiti kwa sababu ya nani, na anameza mate. Huyo namwelewa. Ila kungoja uchaguzi uishe sijaona faida yake, kwa sababu uchaguzi ukiisha hakuna anayekuhitaji tena, na nguvu yako yote iko kabla ya kura za mchujo, wakati anatafuta watu wa kumpigia.

Sasa kamati ya nidhamu ya chama na Jopo la Kutatua Mizozo ya Vyama vya Kisiasa, lile watu wanaita PPDT. Hizi mbili ni lazima uziangalie pamoja, kwa sababu watu wanazitazama kama lazima uchague moja na si hivyo.

Kwa gharama kamati inashinda. Barua ni karatasi na nauli ya kwenda ofisini basi. Jopo unaweza kwenda bila wakili lakini utahangaika, na ukimtafuta wakili hapo mfuko unatoboka, ingawa siku hizi karatasi zinaingizwa kwa mfumo wa mtandao wa Mahakama kwa hivyo si kila hatua inakupeleka Nairobi. Kwa wakati, jopo linashinda, kwa sababu Sheria ya Vyama vya Kisiasa ya 2011 inalitaka limalize kesi kwa miezi mitatu, halafu asiyeridhika anaenda Mahakama Kuu. Kamati ya chama inaweza kukaa na barua yako mpaka wino ufifie. Kwa uhuru wa wanaosikiza, hapo sina haja ya kueleza sana, wanakamati wengi wamewekwa na watu wale wale unaowashtaki, mwenyekiti wa kamati pengine ni mtu wa mkono wa huyo mheshimiwa, na wakati wa kusikizwa utamkuta amekaa pale mbele anakuuliza ulikuwa umevaa nini.

Ukiangalia hivyo utasema basi niende jopo moja kwa moja. Hapana. Kifungu cha 40 cha sheria hiyo kinasema mzozo wa mwanachama na chama, ama wanachama kwa wanachama, lazima uanzie ndani ya chama, ukiruka utarudishwa. Zamani ilikuwa mbaya zaidi, ilikuwa lazima chama kiwe kimesikiza na kukata shauri, kwa hivyo chama kikitaka kukumaliza kilikuwa kinanyamaza tu, hakuna uamuzi, hakuna mahali pa kwenda. Marekebisho ya 2022 yalibadilisha hiyo. Sasa unatakiwa uonyeshe ushahidi kwamba ulijaribu kupitia njia za ndani. Ulijaribu. Hiyo neno moja ndiyo inafanya ile barua ya kamati iwe na maana hata kama unajua kabisa hawatafanya kitu, kwa sababu wakinyamaza, kunyamaza kwao kunakufungulia mlango wa pili, lakini tu kama una karatasi.

Na hapa ndio wengi wanaangukia. Mtu ananiambia "nilishtaki" nikimuuliza ulishtaki vipi anasema nilimpigia katibu simu, ama nilimwambia mwenyekiti pale kwa mazishi. Hiyo haihesabiki. Andika barua, weka tarehe ya tukio na mahali na maneno yenyewe vile yalisemwa, usiyapambe na usiyafunike, kama alisema neno chafu liandike hilo neno chafu. Weka majina ya watu wawili waliosikia na wakubali kuandikwa. Taja Katiba kifungu cha 91, kile kinasema kila chama lazima kiheshimu usawa wa kijinsia na kisihimize vurugu ama vitisho kwa wanachama wake. Tafuta katiba ya chama chenyewe, karibu zote zina kipengele cha nidhamu na heshima, unukuu hicho. Peleka nakala mbili, moja waigonge muhuri wa kupokea na tarehe ubaki nayo. Wakikataa kugonga muhuri, tuma kwa barua pepe ya makao makuu hapo hapo ukiwa umesimama mlangoni na upige picha ya ofisi. Mimi ile ya kwanza niliacha tu kwa meza ya msichana wa mapokezi nikaenda zangu, na miezi miwili baadaye waliniambia hakuna barua kama hiyo. Sikuwa na la kusema.

Lakini pia usiende jopo na matusi matupu. Hiyo ni maoni yangu baada ya kuongea na watu, jopo liko vizuri pale kuna kitu umenyimwa, tiketi, cheo, uanachama, jina kwa orodha. Kama alikudharau halafu wiki iliyofuata ukatolewa kwa kamati ya tawi, hapo una kesi, kwa sababu dharau imezaa uamuzi na uamuzi unaweza kufutwa. Kama alikudharau tu na wewe bado uko kwa cheo chako, jopo litakuwa na kazi ngumu kukupa kitu cha maana na wewe utakuwa umetumia pesa ya karo ya watoto.

Kwa hiyo dharau ya maneno tu nini kinawauma? Pesa. Hapa naomba usome polepole. Sheria hiyo hiyo ya vyama inasema chama hakiwezi kupata mgao wa Hazina ya Vyama vya Kisiasa kama zaidi ya theluthi mbili ya maafisa wake waliosajiliwa ni wa jinsia moja. Tena tangu 2022, asilimia 15 ya hazina inagawanywa kulingana na wagombea wa makundi maalum, wakiwemo wanawake, ambao chama kilishinda nao uchaguzi uliopita, na angalau asilimia 30 ya pesa chama kinachopata lazima itumike kuinua uwakilishi wa wanawake, vijana, watu wenye ulemavu na makundi mengine yaliyoachwa nyuma. Sasa kumbuka mimi nilikuwa nauliza nini siku ile nilitumwa chai. Nilikuwa nauliza hiyo pesa. Si ajabu jibu likawa jikoni.

Kwa hivyo barua yako ya kamati iwe na nakala kwa Msajili wa Vyama vya Kisiasa, na kama kuna swali la pesa za wanawake liwekwe ndani kwa lugha ya kawaida, zilikuja ngapi, zilitumika wapi. Msajili hatamwita mheshimiwa kumkemea kwa maneno yake, hiyo si kazi yake, lakini makao makuu ya chama wakiona jina la Msajili pale chini kwa nakala wanasoma barua mara mbili. Dada mmoja wa Nyalenda, Kisumu, aliniambia barua yake ya kwanza ilikaa, ya pili yenye nakala kwa Msajili alipigiwa simu kabla wiki iishe. Kwa shilingi unayotumia na matokeo unayopata, mimi sijaona njia inashinda hii.

Tume nazo. Watu wengi wanakimbilia NCIC ile ya uwiano wakidhani ni ya matamshi yote ya chuki, lakini sheria yake ya 2008 kwa kifungu cha 13 inaongea juu ya chuki ya kikabila, rangi, asili. Ukidharauliwa kwa sababu ya kuwa mwanamke hapo utaambiwa pole. Ya kwenda ni NGEC, Tume ya Kitaifa ya Jinsia na Usawa, ambayo ina ofisi hapa Nakuru na ingine Kisumu, ni bure, wanapokea malalamishi, wanaweza kuchunguza na kutoa mapendekezo. Hawafungi mtu. Nguvu yao ni kwamba lalamiko lako linaingia kwa rekodi ya serikali nje ya chama, na kesho akijitokeza mwanamke mwingine na lalamiko la mtu yule yule, hauko peke yako tena. Kwa mtu wa Busia ama Vihiga safari ya Kisumu inaweza kuwa mzigo, andika kwanza, usisafiri bila kujua nani utamwona.

IEBC, tume ya uchaguzi, nitapita haraka. Kanuni za maadili ya uchaguzi zinawabana wagombea na vyama, ndani kuna kuheshimu wanawake na kuwaacha washiriki bila vitisho, na kamati yao inaweza kuonya ama kutoza faini. Lakini ina maana wakati wa uchaguzi, ukienda nayo katikati ya miaka mitano hakuna kitu. Iweke kwa kalenda tu, uchaguzi ni Agosti 10, 2027.

Polisi ni kitu kingine kabisa na hapa sitaki mtu achanganye. Akikushika, akikutishia, akikuambia tiketi iko kwa kitanda, hiyo usipeleke kwa kamati ya nidhamu ikakae na wazee wapatanishe na soda. Sheria ya Makosa ya Ngono ya 2006, kifungu cha 23, inasema mwenye mamlaka ama wadhifa wa umma anayemsumbua mtu kingono tena na tena, akijua hayo mambo hayatakiwi, anaweza kufungwa si chini ya miaka mitatu ama faini isiyopungua shilingi 100,000 ama vyote viwili. Akisambaza picha zako za faragha, kuna sheria ya uhalifu wa mitandao ya 2018, kifungu cha 37, faini mpaka 200,000 ama miaka miwili. Enda kituoni, ulizia dawati la jinsia, usitoke bila nambari ya OB, ile ya kitabu cha matukio cha polisi. Usifute ujumbe hata kama unakutia kichefuchefu kuuona, piga skrinshoti inayoonyesha nambari na tarehe, mtumie mtu unayemwamini akuwekee. Kamati ya chama unaweza kuiandikia baadaye, lakini isitangulie, kwa sababu ikitangulia utapewa wiki mbili za kubembelezwa na ushahidi unapotea.

Ubaya wa polisi unajulikana, kesi inavuta miaka na mheshimiwa ana marafiki. Lakini hao marafiki wako kwa kamati ya chama pia, na kule hakuna hakimu.

Halafu mtandaoni. Nakubali ina kasi, asubuhi uko peke yako saa sita mchana uko na watu elfu. Lakini linganisha na barua. Ukianza na mtandao, cha kwanza kutokea ni wapinzani wa chama chako kuchukua video yako wanaifanya yao, wanaikata, wanaiwekea muziki, na sasa si wewe unayemuuliza kiongozi wako tena, ni upande ule unaowapiga nyinyi. Hapo hata wale wanawake waliokuwa watasimama na wewe wanarudi nyuma kwa sababu wanaona wanaombwa wachague chama ama wewe. Nimeona hii ikitokea, chama kinajifunga kama kobe, na mheshimiwa anatoka akiwa na nguvu kuliko mwanzo kwa sababu sasa yeye ndiye anayeshambuliwa. Pia anaweza kukushtaki kwa kumchafulia jina, na kama huna ushahidi mzuri utajikuta wewe ndiye unajibu maswali.

Ukiutumia baada ya barua iliyogongwa muhuri ni tofauti kabisa. Unaweka picha ya barua, tarehe, unasema ni siku 30 hakuna jibu. Hakuna tusi, hakuna kulia. Anayetaka kukuita msaliti lazima kwanza aeleze kwa nini chama hakikujibu mwanachama wake. Na iandike kama mtu wa chama, sema wazi "mimi ni mwanachama, nitapiga kura mchujo", kwa sababu kiongozi hatishwi na kura ambazo hakuwa atazipata hata hivyo. Anatishwa na zenu. Ndio maana nasema lawama kutoka ndani inauma kuliko ya nje mara kumi.

Kuhama chama ama kuwa mgombea binafsi nimeweka mwisho na si kwa bahati mbaya. Iko, Katiba kifungu cha 85 inakuruhusu mradi usiwe mwanachama wa chama chochote angalau miezi mitatu kabla ya uchaguzi, kwa hivyo kwa 2027 hiyo ni mapema Mei, na kwa MCA utahitaji sahihi za wapiga kura 500 wa wadi yako. Kama unagombea na umeona kabisa mchujo utaibiwa, jipange mapema. Ila kama shida yako ni yule mtu, kuhama kunamwacha pale pale kwa kiti, na msichana atakayeingia nyuma yako anatumwa chai yake.

Kuna kitu kinarudi kila nikiongea hii mambo hapa Nakuru. Wanaume wa chama, na si wabaya, wananiambia "lakini mama, mnalia nini na mmeshashika kaunti yote?" Ni kweli 2022 Nakuru ilichagua gavana mwanamke, Susan Kihika, na seneta mwanamke, Tabitha Karanja, na kwa maeneo bunge 11 wanawake walichukua manne. Na Kisumu ilikuwa na meya mwanamke, Grace Onyango, tangu 1965, akaingia bunge 1969 akiwa mwanamke wa kwanza kuchaguliwa. Tunajivunia. Lakini hao walishinda kwa debe, debe haliingii kwa ukumbi wa tawi siku ya Jumatano jioni. Kule Mbita, mwaka 2017 wakati wa mchujo wa chama chake mwenyewe, Millie Odhiambo alichomewa nyumba, na alikuwa mbunge tayari. Sasa fikiria huyu wa wadi ambaye hata hana mlinzi.

Kwa hivyo ukiniuliza leo uchague nini, nitakuuliza kwanza alifanya nini. Kama ni maneno, barua kwa kamati na nakala kwa Msajili na NGEC, halafu uhesabu siku 30. Kama alikunyima kitu, barua hiyo hiyo leo, si kesho, na ukishaona wanakuzungusha uende jopo kabla mchujo haujapita. Kama alikugusa ama kukutishia, polisi kabla ya chama. Mtandao ufuate, usitangulie. Na wewe mwanaume ulikuwa kwa huo ukumbi, usije inbox kuniambia pole, pole yako haigongwi muhuri, njoo uweke sahihi kama shahidi.

Mimi nimeandika barua upya. Iko kurasa mbili, swali la pesa za ligi liko ukurasa wa kwanza. Nina mashahidi wawili, mmoja ni mama aliyecheka siku ile, alikuja mwenyewe nyumbani akaniambia hajalala vizuri tangu hapo, na mwingine ni mzee wa tawi ambaye hata sikumtarajia. Jumatatu saa tatu tunaenda ofisini sote watatu, na hatutoki bila muhuri.